Bastola Yenye Mpini wa Mbuzi ya Nazi

Kwa miaka yote niliyokaa na mume wangu katika fleti yetu ya Al Mankhool, kuna neno moja nililokataa kulisema. Neno lenyewe si tusi. Ni "nimeona" tu. Nyumba nzima ililisema, wageni walilisema, na fundi aliyekuja kusafisha kiyoyozi alilisema siku moja akiwa juu ya ngazi, bila kujua kwa nini. Mimi nilikataa, na nilikuwa na sababu zangu, nazo nitazieleza hata kama mume wangu atanuna.

Mume wangu hukusanya bastola. Si hizi za siku hizi, ni zile za zamani za silinda, yaani lile pipa dogo la katikati lenye matundu sita ya risasi, linalozunguka kila ukivuta nyundo. Kabla msomaji hajatafuta simu, nasema mapema kwamba kila moja ina kibali chake kilichopigwa mhuri, mtutu umezibwa kwa chuma na pini ya kupigia imekatwa. Haziwezi kuua hata mende. Mende nilikuwa nao jikoni, kwa hiyo najua ninachosema. Mimi naziita mizoga. Yeye anaziita "wale wazee," na akija mgeni humtambulisha kwa moja moja, huyu kazaliwa wapi, huyu kapitia mikono ya nani, huyu ana baridi yabisi kwenye nyundo.

Watu wa bastola wana adabu yao. Mtu anapompa mwenzake bastola, hata kama ni mzoga uliolala kabatini mwaka mzima, lazima kwanza aifungue silinda, aielekeze chini, amwonyeshe kwamba matundu yote ni matupu. Mwenzake hapokei mpaka atazame tundu kwa tundu na aseme "nimeona." Hapo ndipo mkono unatoa na mkono unapokea. Kwa wanaoshika bastola zinazopiga ni adabu nzuri, wala sina neno nayo. Lakini mume wangu akipenda kitu hukipenda mpaka kikamtoka masikioni. Alifika mahali akawa hawezi kumpitishia mtu chochote bila kukifunua. Ukimwomba chupa ya chai, anafungua kifuniko, anaiinamisha uone ndani, anangoja. Ukimwomba hotipoti ya chapati, hivyo hivyo. Mama yake mzazi, Mungu amrehemu, alikuja kututembelea kutoka Unguja, akaomba apewe mkoba wake, akafunuliwa mkoba wake mwenyewe mbele ya macho yake. "Nimeona, mwanangu," akasema, kisha akanitazama mimi kama aliyeniachia mgonjwa.

Binti yetu, ambaye ndiye mtoto wetu wa pekee, alikulia humo. Alikuwa akirudi shule anavua viatu, anachukua kitambaa cha pamba, anakaa chini na baba yake wanafuta chuma. Dubai ina unyevu wa kuozesha sahani, na adui yao mkubwa alikuwa kutu. Ukoo mzima uliamriwa utuwekee vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu. Nina shemeji yangu aliyenunua viatu asivyovihitaji kwa kuona haya kuja mikono mitupu. Nikifukiza udi siku ya Alhamisi, baba na binti walikimbia kulifunika kabati la kioo kwa shuka, wakisema moshi unaganda kwenye chuma. Nyumba ya Waswahili, na udi unafukuzwa kama moto. Nilikasirika sana, lakini kwa siri nilipenda kuwaona wawili wale wakishika pembe za shuka.

Kila Jumamosi baada ya alasiri walikuja wenziwe. Wengine walipita tu, wa kudumu walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mkuu wa walinzi katika jumba moja la maduka, Mkenya wa bara, Mkristo mwenye kusali kweli, ambaye kazini kwake alipewa redio na filimbi basi. Hakuwa na bastola hata moja. Alikuja kuzishika, na alivyozishika ungedhani amepewa kichanga kitovu hakijadondoka. Wa pili alikuwa mtu wa Mombasa, fundi mkuu wa hoteli, mkaazi wa Jumeirah Village Circle, wenyewe wanaiita JVC. Huyu alikuwa na nyingi kuliko mume wangu, na kwa kuwa hewa ya mlimani ni kavu, alizikodia kijumba Hatta. Bastola zake zilikuwa na vyumba viwili. Watoto wake watatu walilala chumba kimoja.

Wawili hawa, mume wangu na mtu wa Mombasa, walipendana kama ndugu mpaka walipopata pacha. Mzee mmoja mgeni aliyekuwa akihama Dubai aliwauzia bastola mbili zilizotoka kiwandani pamoja, nambari zake zinafuatana, mipini yake ya mpira mgumu mweusi imepasuka mahali pale pale. Kila mmoja akachukua moja. Wakapeana mikono kwamba hawatazitenganisha kwa roho hata kama zinalala nyumba mbalimbali. Nilikuwapo, nikipitisha kahawa, na nilidhani wanatania.

Sasa lazima nieleze tofauti yao, maana ndiyo iliyotutia wote matatani. Mtu wa Mombasa alikuwa wa madhehebu ya kutogusa. Kwake yeye bastola ya zamani inafutwa, inapakwa mafuta, inaachwa ilivyo, na ufa wake ni umri wake. Mume wangu alikuwa wa madhehebu ya kuremba. Aliziona zile bastola kama mabibi harusi. Hii alitaka ichovywe upya rangi ya samawati, ile ichongwe maua ya mlango wa Unguja kwenye mtutu, nyingine ivishwe mpini wa pembe. Kwa pacha wake alikuwa akitafuta mti wa mpini, akauliza mninga, akauliza mpingo, hakuna uliomridhisha.

Mimi nilikuwa na mbuzi. Nasema mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda cha kukunja chenye ulimi wa chuma, na yangu ilikuwa ya mti wa mfenesi, ya bibi yangu mzaa mama, ilivuka kutoka Unguja kwa meli ndani ya blanketi. Mama alipewa alipoolewa, mimi nikapewa nilipoolewa, na binti yangu alijua siku yake ikifika atapewa. Nilikuwa napika kwa oda, wali wa nazi, vitumbua, mikate ya kumimina, na ingawa nazi za kopo zimejaa kila duka, za oda nilikuna mwenyewe. Mfenesi ukiuacha ukazeeka, unatoka kwenye manjano unaingia kwenye rangi ya asali iliyokaa. Bila shaka msomaji ameshaona tunakokwenda. Mimi sikuona.

Nilirudi sokoni nikamkuta mume wangu jikoni amesimama wima. Mbuzi ilikuwa juu ya meza imefunikwa kitambaa. Aliinua kitambaa polepole, akaielekeza chini kwa adabu zote, nikaona imekatwa mguu mmoja. Akangoja.

"Nini hii?" nikamwuliza.

"Tuna blenda, bibi," akasema.

"Nimekuuliza nini hii."

"Mti wa bibi yako utakaa kwenye kabati la kioo. Nani mwingine mti wa bibi yake unakaa kwenye kabati la kioo?"

Aliendelea kungoja nilitamke lile neno lake. Hapo ndipo niliapa, na nilikuwa na kisu cha vitunguu mkononi, kwamba hatalisikia kinywani mwangu mpaka mmoja wetu afukiwe. Tangu siku ile nikawa nakuna nazi kwenye mbuzi iliyoegemezwa kwenye kopo la samli.

Mpini ulitoka mzuri, sitasema uongo. Lakini Jumamosi ile mtu wa Mombasa alipofunuliwa silinda, hakutazama matundu. Alitazama mpini.

"Yakhe," akasema, "hii ni nini umeifanya?"

"Mfenesi."

"Umemvua nguo bibi kizee wa watu ukamvisha mbuzi ya nazi?"

"Nimemvisha mti wa kwao."

"Kwao wapi? Huyu ni wa Ulaya. Khalas, hizi si pacha tena. Yangu ni bastola, yako ni chombo cha jikoni."

Akaondoka bila kunywa kahawa, na ikawa hivyo kwa miaka. Mume wangu aliumia. Aliendelea kuiita ile nyingine "mwenzake," alikuwa akiniambia katikati ya chakula, "Sijui mwenzake amepanguswa wiki hii," na mimi namwambia apitishe pilipili. Mlinzi akabaki katikati, Jumamosi moja kwetu, Jumamosi nyingine Hatta, akipeleka salamu ambazo hakuna aliyezituma.

Katika miaka hiyo ya kununiana, binti yangu na kijana wa yule mtu wa Mombasa walikuwa wakipendana. Walijuana tangu enzi za kupanga vikombe vya kahawa Jumamosi, na wazee walipoacha kusemezana wao hawakuona sababu ya kuacha. Kijana alikuwa na kazi uwanja wa ndege, ana adabu, ana macho ya upole. Binti yangu aliniambia tukiwa tunafunga sambusa, na hakuzungushazungusha.

"Mama, mimi nataka kuolewa na yule. Na nataka baba akubali kwa moyo, si kwa kulazimishwa. Sitaki kuondoka nyumba hii baba amenigeuzia uso."

Nilimjua baba yake. Alikuwa na uwezo wa kukubali chochote duniani isipokuwa kumwoza binti yake kwa mtoto wa mtu aliyeiita bastola yake chombo cha jikoni.

Tukaanza kutafuta mshenga, na hapo upuuzi wote uliotangulia ukaonekana si kitu. Mtu pekee aliyekuwa akisemezana na pande zote mbili alikuwa mlinzi. Basi posa ya nyumba mbili za Waislamu wa pwani ikakabidhiwa Mkristo wa bara ambaye kwao, alitueleza, mazungumzo huanza kwa mbuzi.

"Ya kwangu imeshakatwa mguu," nikamwambia.

"Hakuna shida, mama," akasema kwa huruma ya kweli. "Tutaanzia mahali pengine."

Alikuja siku ile amevaa suti yake ya kanisani na viatu vya kazini vilivyong'arishwa. Nyuma yake mtu wa Mombasa na wazee wawili wa kwao, na masinia, moja la halwa na tende, moja la nguo. Na kwapani mwa mtu wa Mombasa, sanduku dogo la mti. Wanaume walikaa sebuleni. Mimi, binti yangu na mama wa kijana tulikaa chumbani, mlango umeachwa wazi kiasi cha sikio.

Mlinzi akasimama, akakohoa. "Wazee wangu, asanteni kwa kutukaribisha. Leo tumekuja kwa jambo la heri..."

"Kwenye sanduku kuna nini?" mume wangu akamkata.

"Mzee, wacha tumalize kwanza hili la..."

"Siwezi kuzungumza na sanduku limefungwa nyumbani kwangu. Kwanza lifunguliwe."

Mtu wa Mombasa, nadhani aliileta ile pacha yake kwa jeuri tu, ili mwenzie aone mpini wa asili unavyoonekana. Tukasikia bawaba ya sanduku ikilia, silinda ikifunguka, na mume wangu akisema, "Nimeona." Kisha hatua zake kwenda kabatini. Kisha silinda ya pili. Kisha sauti ya mtu wa Mombasa, ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia: "Nimeona."

Waliziweka pamoja mezani, juu ya sinia la nguo za binti yangu. Nilichungulia. Wanaume watu wazima walikuwa wameinama juu ya meza, vichwa vinagusana, na mlinzi amevua miwani anajifuta.

"Tumezikosea hizi," mume wangu akasema.

"Tumezikosea sana, ndugu yangu. Na mimi maneno yangu yale yalipita kiasi."

"Zisikae tena mbali. Kila mwezi zionane."

"Inshallah. Mwezi mmoja kwako, mwezi mmoja Hatta."

"Wazee," mlinzi akasema, amejaa furaha mpaka amesahau alichotumwa, "hii ni siku kubwa sana. Naomba mtu atuombee."

Mzee mmoja akainua mikono, wakasoma Fatiha, na mlinzi akasema amina ya kanisani, ndefu. Sisi chumbani tuliposikia Fatiha tulipiga vigelegele mpaka jirani Mhindi wa ghorofa ya juu akashuka na sahani ya pipi. Mama wa kijana alinikumbatia. Binti yangu alikuwa analia na kucheka. Halwa ikakatwa.

Nikatoka na kahawa, uso wote meno, nikamwuliza mume wangu, "Basi harusi mmeiweka lini?"

"Harusi ya nani?" akasema, halwa mdomoni.

Nilimtazama mlinzi. Mlinzi aliyatazama masinia, akautazama mlango wa chumbani, na nikaona ile suti inalowa jasho mgongoni. Hakuna aliyemtaja binti yangu. Walikuwa wamesoma Fatiha juu ya vyuma viwili visivyopiga, na mwanangu hajaombwa.

Pengine lingerekebishika pale pale. Lakini katika ile dakika ya kutazamana, mtu wa Mombasa aliichukua bastola ya mume wangu, akaigeuza, na dini yake ikamshinda. "Jambo moja tu," akasema. "Huu mfenesi utautoa kwanza." Mume wangu akasimama. Sitaandika yaliyofuata, yalihusu mama za watu. Waliondoka na sanduku lao na sinia la nguo. La halwa waliliacha kwa kuwa lilikuwa tupu.

Nilifura. Niliingia chumbani nikitaka kusema maneno mabaya juu ya jinsia nzima ya wanaume, nikamkuta binti yangu amekaa kitandani, macho makavu, anafikiri. Uso ule ulikuwa wa baba yake akichagua mti.

"Mama," akasema, "mahari anataja nani?"

"Bibi harusi. Lakini bibi harusi wa wapi? Hujaombwa hata maji."

"Watarudi. Mimi nishajua nitakachotaja."

Walirudi kweli. Mama wa kijana, mwanamke mfupi asiyepaza sauti, alikataa kumpikia mumewe mpaka arudi. Safari hii mlinzi aliandika maneno yake kiganjani kwa kalamu, akayasema yote bila kupumua, na hapakuwa na sanduku. Mume wangu, amenuna, akasema lazima binti aulizwe. Wakasogea mlangoni, wakamwuliza kama ameridhia, na mahari yake ni nini.

"Nimeridhia," binti yangu akasema kwa nyuma ya mlango. "Na mahari yangu ni bastola ya baba wa kijana. Ile pacha."

Kisha mume wangu akacheka, kicheko cha mtu aliyeona mtoto wake kapasi mtihani. Mtu wa Mombasa alikaa chini. Mahari ni haki ya mwanamke, ataje anachotaka, na kijana wake, aliyekuja naye safari hii, alikuwa amesimama pale mlangoni akimwangalia. Nilimwonea huruma yule mzee. Ile bastola ilikuwa kila kitu alichobakiza cha ushindi wake.

"Mwanangu au chuma," mkewe akamnong'oneza kutoka nyuma ya mlango. Mimi nilisikia, na nadhani Hatta walisikia.

"Haya," akasema mwishowe. "Lakini mpini usiguswe."

"Mwenye mamlaka nao ni mwenye mahari," mume wangu akasema kwa sauti tamu isiyovumilika, na jioni ile ile akaanza kupanga upya kabati. Alinunua mahameli ya rangi ya zambarau. Alipima nafasi ya mbili. Siku nyingine nilimkamata ananyemelea mguu wa pili wa mbuzi yangu kwa kipimo, nikamtishia kwa mchi.

Binti yangu alimwacha apime. Kisha, wakiwa wamekaa chini na vitambaa vyao kama zamani, akamwuliza, "Baba, mahari ni mali ya nani?"

"Yako, mama. Peke yako. Hata mimi baba yako sina haki nayo."

"Basi itakwenda JVC. Nitaiweka nyumbani kwangu."

Baba yake alifuta ile aliyokuwa ameishika, akaifuta, akaifuta. Hakubisha. Mtu hawezi kumfundisha mtoto sheria kisha akamkasirikia kwa kuijua. Lakini ile nafasi ya pili kwenye mahameli hakuijaza kitu, na kuanzia hapo akaanza kutembea nyumbani kama anayetafuta miwani. Mimi nilijua si bastola peke yake inayomtembeza.

Kibali cha kumiliki kilitafutwa. Binti yangu alikwenda mwenyewe ofisini, afisa akamwuliza anaitaka ya nini, akajibu, "Naolewa." Afisa akamwita mwenzake aje asikie. Walimpa kibali na mabruk juu yake.

Nikaha ilifungwa sebuleni kwetu. Shekhe alipouliza mahari, mume wangu akatamka bila haya, "Bastola moja ya zamani, mpini wa asili, haipigi." Shekhe alirudia kwa sauti ya chini, kama anayehakikisha bado yuko Dubai. Kijana akafungua sanduku, akaitoa, akafungua silinda, akaielekeza chini, akamwonyesha mume wangu matundu yote. "Nimeona," mume wangu akasema. Shekhe akainama, akatazama tundu kwa tundu, na kwa heshima kubwa akasema, "Na mimi nimeona." Hakuna aliyemwomba.

Asubuhi ya siku ya kumpeleka bibi harusi kwake, nilimkuta mume wangu amekaa kwenye kitanda cha binti yake, kati ya masanduku yaliyofungwa, na ile bastola ya mpini wa mfenesi mapajani. Kibali cha kuihamisha kilikuwa pembeni, chenye jina la binti yetu. Alikwenda kukichukua bila kuniambia.

"Haiwezi kubaki peke yake," akasema. "Mwenzake anakwenda."

Alimpa mbele ya wote waliokuja kumchukua. Mtu wa Mombasa, sasa mkwe wetu, aliuona ule mpini ukilazwa karibu na mpini mweusi wenye ufa, akafungua mdomo, mkewe akamkanyaga mguu, akaufunga. Binti yangu alitazama tundu kwa tundu, akasema nimeona, akapokea. Kisha akanitazama mimi, akapitisha kidole gumba kwenye ule mti wa rangi ya asali, na ndipo nilipoelewa nilivyokuwa mjinga. Mbuzi ya bibi ilikuwa inaondoka na bibi harusi, kama ilivyopaswa kuondoka. Nililia mbele ya wageni na mlinzi akanipa leso yake, iliyonuka mafuta ya bunduki.

Kesho yake asubuhi nilichemsha chai ya watu watatu, nikaimwaga ya mmoja. Mume wangu nilimkuta koridoni, amesimama mbele ya chumba cha binti yetu, mkono kwenye kitasa. Aliposikia kandambili zangu hakugeuka. Aliusukuma mlango mpaka ukagusa ukuta, akasogea pembeni ili nipate kutazama.

Kitanda kilikuwa godoro tupu. Kabati lilikuwa wazi, henga zinaning'inia. Dirishani kulikuwa na vipakiti vya kukausha unyevu alivyovisahau. Nilitazama pembe kwa pembe, sikuharakisha, na mume wangu alingoja bila kunihimiza, kama alivyoningoja miaka yote ile.

"Nimeona," nikamwambia.

Akaufunga mlango, tukaenda kunywa chai.